Mtakatifu Matia Mulumba, Mzee wa Mityana

Ndugu wakatekumeni, mmesikia mara nyingi habari za Karoli Lwanga na vijana wa nyumba ya mfalme waliochomwa moto kule Namugongo. Lakini kati ya Mashahidi 22 wa Uganda, ambao Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, siku zile Maniema yetu ilipokuwa katika vita vya Simba, si wote walikuwa vijana. Alikuwamo mtu mzima, mwenye nyumba na cheo, aliyekwisha kuona mengi ya dunia kabla hajamjua Mungu. Jina lake Matia Kalemba, naye kwa ajili ya cheo chake aliitwa Mulumba. Nimemchagua yeye kwa sababu wengi wenu hamkukaa katika jumba la mfalme. Ninyi ni watu wenye wake, wenye wakwe, wenye madeni ya mahari, na maswali mnayoniletea baada ya mafundisho ndiyo yaliyompata mzee huyu.

Alizaliwa katika nchi ya Busoga, ng'ambo ya mto Nile, yapata mwaka 1836. Angali mtoto, watu wa Buganda waliwavamia wenyeji wa kwao, wakamteka yeye pamoja na mama yake, wakawachukua utumwani. Sisi wa Kasongo na Kabambare hatuna haja ya kuelezwa kirefu jambo hilo. Babu zetu waliiona misafara ikitoka Nyangwe na Kasongo, ikipita Kabambare kuelekea ziwa la Tanganyika, siku za Tippu Tip na mwanawe Sefu, na wapo kati yetu watu ambao hawajui bibi yao alitoka kabila gani. Mtoto yule wa Busoga aliangukia nyumba ya mtu aitwaye Magatto. Mtu huyo hakumtesa, bali alimlea kama mwanawe na kumwingiza katika ukoo wake. Hivyo aliyeingia Buganda amefungwa kamba akakua kama mtoto wa nyumba.

Mulumba mwenyewe aliwasimulia mapadri baadaye kwamba mlezi wake hakutulia katika dini ya wazee, na kabla ya kufa aliwaambia wanawe kuwa siku moja watakuja watu kuwafundisha njia iliyo ya kweli, na wao waifuate. Neno hilo halikumtoka moyoni. Waarabu walipofundisha dini yao, alidhani ndiyo hiyo, akawa Mwislamu. Waprotestanti walipofika mwaka 1877, alikwenda kuwasikiliza. Mwaka 1879 wakaja Mapadri Weupe, Padri Lourdel na Bruda Amans wakitangulia, naye akaja kwao pia, akauliza, akapima, akarudi tena kuuliza. Tarehe 31 Mei 1880 aliandikwa kati ya wakatekumeni. Umri wake ulikuwa umepita miaka 40. Nalisema hili kwa wale wazee wanaokaa nyuma kabisa wakati wa mafundisho na kuona haya kujibu mbele ya watoto.

Sasa tufike kwenye nyumba yake, maana huko ndiko kulikokuwa na kazi kubwa. Wakati huo Mulumba alikuwa mkuu mdogo katika jimbo la Ssingo, chini ya mkuu wa jimbo aitwaye Mukwenda, na kama wakuu wote alikuwa na wake wengi. Alipoifuata dini akawaacha, akabaki na mmoja, jina lake Kikuvwa. Sisi tukilisikia neno hili hudhani ni habari ya tamaa ya mwili tu, kwamba mtu ameshinda tamaa basi. Sivyo. Katika nchi ya Buganda wanawake ndio waliolima migomba, na migomba ndiyo chakula cha kila siku, na ndizi ndizo pombe ya wageni. Mkuu mwenye wake wengi alikuwa na mashamba mengi. Mwenye mashamba mengi aliweza kulisha watu wengi. Mwenye kulisha watu wengi alisikilizwa barazani. Kwa hiyo Mulumba alipowaacha wake zake alipunguza mali yake, chakula chake, wageni wake na sauti yake mbele ya wenzake. Mambo ya mapenzi na mambo ya fedha yalifungwa kwa kamba moja, naye hakuweza kufungua fundo moja na kuliacha la pili.

Je, kwetu si hivyo? Tuseme kweli. Mtu huhesabu mbuzi na franka alizotoa kwa wakwe, kisha humtazama mke wake kama kitu alichonunua sokoni. Kijana arudipo kutoka kuchimba dhahabu upande wa Namoya, akiwa na fedha kidogo, neno la kwanza si kumjengea mke aliye naye nyumba isiyovuja, ila kutafuta wa pili. Na baba wa binti hutazama mfuko wa yule kijana, hatazami tabia yake.

Sitaficha jambo moja gumu. Mwanamume mmoja wa kijiji chetu, mwenye wake wawili, alisikia habari za Mulumba, akaja kwangu kwa furaha akisema yuko tayari: atamfukuza yule wa pili kesho, na atamdai baba yake arudishe mahari, ili mali isipotee. Mwanamke huyo alikuwa amemzalia watoto watatu. Nilinyamaza kwa kitambo, maana niliona kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimefundisha vibaya. Mulumba alipoteza mali ili ampate Mungu. Huyu alitaka kumpata Mungu na kuongeza mali juu yake, na gharama yote ilipwe na mwanamke. Tulikwenda kwa padri. Padri alimfafanulia kwamba Eklezya haimruhusu mtu kumtupa njiani yule aliyezaa naye. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha wazi kuwa mtu anayeacha wake wengi kwa ajili ya Injili ana deni la haki kwa wale aliowaoa na kwa watoto wao. Basi hakudai mahari. Alimjengea yule mama nyumba karibu na kaka zake, akamwachia shamba la mihogo lote, na kila msimu wa shule hulipia watoto. Mpaka leo bado hajabatizwa, kwa kuwa mambo hayo hayajakwisha kutengenezwa vema. Majirani humcheka kwamba amepoteza mke na maji pia hajayapata. Mimi nadhani yuko karibu na Mulumba kuliko alivyokuwa siku ile alipokuja kwangu kwa furaha.

Mulumba alisubiri karibu miaka miwili. Tarehe 28 Mei 1882, sikukuu ya Pentekoste, Padri Girault akambatiza na kumpa jina Matia. Pamoja naye alibatizwa rafiki yake Luka Banabakintu, mtu wa Ssingo pia. Miezi michache baadaye, Novemba 1882, mapadri walilazimika kuondoka Buganda, wasirudi mpaka mwaka 1885. Fikirini: Wakristu wa miezi sita, hawana Misa, hawana wa kuwaungamisha. Matia na Luka walirudi Mityana wakaendelea kufundisha, na watu wakaongezeka. Kati ya waliowasaidia alikuwamo mfinyanzi Noa Mawaggali, mtu maskini aliyeishi kwa vyungu vyake. Mkuu na mfinyanzi walikaa juu ya mkeka mmoja wakisali. Katika nchi ile, ambako mtu mdogo hupiga magoti mbele ya mkubwa, jambo hilo lilionekana kuliko mahubiri.

Na ya mzigo je? Katika Buganda mkuu akisafiri hakubeba kitu, watumishi walimbebea. Matia alijitwika mzigo wake mwenyewe kichwani. Mapadri walipokuwa wakijenga, alikwenda kufanya kazi nao, akabeba udongo mbele ya macho ya watu waliomfahamu. Walimcheka, wakamwuliza kama hana watumwa. Yeye alijibu kwamba ndiye mtumwa, wa Yezu Kristu. Hapa nataka mkumbuke yule mtoto wa Busoga. Mtu aliyewahi kuwa mtumwa kweli hulificha neno hilo maisha yake yote. Hata wajukuu wake hukasirika wakiambiwa. Matia alilitwaa mwenyewe kwa hiari na kulisema njiani mchana.

Mapadri waliporudi mwaka 1885, Wakristu wa Mityana walikuwa wakienda kwa miguu mpaka mji wa mfalme kupokea sakramenti, mwendo wa kilomita 70 hivi, kisha wanarudi kuwafundisha waliobaki. Lakini mfalme Mwanga alikwisha kuwachukia. Tarehe 15 Novemba 1885 alimwua Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyekuwa mkubwa wa vijana wa jumba lake na aliyewakinga wasiharibiwe na uchafu wake. Mwezi wa Mei 1886 hasira yake ikalipuka. Matia na Luka walikuwa mjini siku zile. Wangeweza kujaribu kukimbia, lakini walijitoa wenyewe kwa mkuu wao, wakalala kifungoni, na asubuhi yake wakapelekwa mbele ya Katikiro, waziri mkuu wa mfalme, aliyeitwa Mukasa pia.

Katikiro huyo alimfahamu Matia. Jambo la kwanza alilomfanyia dhihaka halikuwa sala wala rozari. Alimdhihaki kwamba mtu mzima, mwenye cheo, amewafukuza wake zake na sasa anajipikia chakula kama mtu asiye na kwao. Mnaona? Mbele ya hakimu, kosa lake lilikuwa nyumba yake. Ubatizo wake ulijulikana mpaka katika baraza la mfalme kwa njia ya chungu na jiko. Matia hakukasirika; akamwuliza tu kama ameshtakiwa kwa ajili ya kukonda kwake au kwa ajili ya dini. Katikiro akatoa hukumu ya mauti, akaongeza kwa kejeli kwamba Mungu wake na aje kumwokoa. Matia akamjibu kwamba Mungu atamwokoa kweli, lakini Katikiro hatauona wokovu huo, kwa kuwa Mungu ataitwaa roho na kumwachia yeye mwili tu.

Luka na Matia walitolewa pamoja waende Namugongo. Walipofika katika kilima cha Kampala, Matia alikataa kwenda mbele, akisema kwamba mauti yako hata hapo. Ilikuwa tarehe 27 Mei. Wauaji walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama mgongoni na kuvichoma moto mbele ya macho yake. Kisha wakafunga mishipa ya damu asife upesi, wakamwacha peke yake katika nyasi. Luka walimpeleka Namugongo, naye akachomwa tarehe 3 Juni pamoja na Karoli Lwanga na wenzao.

Huko Mityana watu wa mfalme walifika tarehe 31 Mei. Noa mfinyanzi aliuawa kwa mkuki na kuachiwa mbwa. Dada yake Munaku, mkatekumeni kama ninyi, alijitokeza akitaka auawe pamoja na kaka yake. Hawakumwua, walimchukua mateka, na mkubwa wa kundi lile alitaka kumfanya mke wake. Alikataa kwa vitisho na kwa maneno matamu pia. Padri Lourdel alimkomboa, naye akaishi bila kuolewa, akimtumikia Mungu hata kufa. Wasichana wanaoniuliza kama mwanamke anaweza kumkataa mtu mwenye nguvu na mali, jibu langu ni huyu Munaku, aliyefundishwa katika jamii ya Matia.

Matia hakufa siku ile waliyomkata. Alikaa palepale siku tatu juani. Watu waliokuja kukata matete karibu na hapo walisikia sauti katika nyasi ikiomba maji. Walisogea, wakaona mtu asiye na mikono wala miguu, wakaogopa, wakakimbia bila kumpa maji. Alikufa tarehe 30 Mei 1886, siku ya Dominika. Tangu alipoandikwa kati ya wakatekumeni ilikuwa imepita miaka 6 kasoro siku moja.