Albert Michelson: Mpimaji wa Nyota

Tangu jadi, binadamu amezitegemea nyota bila kuujua ukubwa wake. Mkulima aliitazama Kilimia ili ajue majira ya kupanda, nahodha alikiongoza chombo chake kwa nyota, naye malenga alizitumia kumsifu mpenzi wake. Hata baada ya darubini kubuniwa mwanzoni mwa karne ya 17, sayari zilianza kuonekana kama duara, lakini kila nyota ilibaki kuwa nukta ya mwanga. Aliyeitoa nyota katika hali hiyo ya nukta na kuipa kipimo ni mwanafizikia wa Marekani, Albert Abraham Michelson. Kinaya ni kwamba hadi leo jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya jaribio ambalo yeye mwenyewe aliliona kuwa limeambulia patupu.

Malezi na Masomo

Michelson alizaliwa tarehe 19 Desemba 1852 katika mji wa Strelno, uliokuwa chini ya Prussia na ambao sasa uko Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Angali mtoto mdogo, familia yake ilihamia Marekani, na baba yake akawa mwenye duka katika miji ya wachimba madini ya California na baadaye Nevada.

Mwaka wa 1869 aliomba nafasi katika Chuo cha Wanamaji cha Annapolis, lakini nafasi ya jimbo lake ikapewa kijana mwingine. Hakukata tamaa. Alipanda garimoshi kwenye reli iliyokuwa imekamilika mwaka uo huo, akalivuka bara zima hadi Washington kumwona Rais Ulysses Grant. Nafasi ambazo Rais aliruhusiwa kuzitoa zilikuwa zimekwisha. Hata hivyo, kijana huyo hatimaye alipatiwa nafasi ya ziada. Penye nia pana njia. Alihitimu mwaka wa 1873, na baada ya utumishi baharini akarudi chuoni humo kufundisha fizikia.

Ni katika kazi hiyo ya ualimu ndipo alipovutiwa na suala la kasi ya mwanga. Kwa msaada wa dola 2,000 kutoka kwa baba mkwe wake, mwaka wa 1879 aliipima kasi hiyo na kupata kilomita 299,910 kwa sekunde. Kipimo kinachokubalika leo ni kilomita 299,792. Kwa kijana wa miaka 26 aliyetumia vioo na vifaa vya kujitengenezea, hilo halikuwa jambo dogo.

Jaribio Lisilozaa Tunda

Mwaka wa 1880 alikwenda Ulaya kujiendeleza, na huko Berlin akafanya kazi chini ya Hermann von Helmholtz. Wanasayansi wa enzi hizo waliamini kwamba anga yote imejaa kitu kisichoonekana, yaani etha, kinachobeba mwanga kama maji yanavyobeba mawimbi. Ikiwa dunia inasafiri ndani ya etha, basi mwanga unaoelekea upande wa safari hiyo na ule unaoikata njia hiyo haungetumia muda sawa. Tofauti hiyo ingekuwa ndogo mno kupimwa kwa saa yoyote.

Michelson alibuni kifaa cha kuigundua, ambacho baadaye kiliitwa intaferomita. Kifaa hicho huugawa mwanga katika njia mbili, kisha huukutanisha tena. Mawimbi yanapokutana kilele kwa kilele, mwanga huongezeka. Kilele kinapokutana na bonde, mwanga hujifuta. Matokeo yake ni michirizi ya mwanga na giza, na mchirizi ukisogea hata kidogo, tofauti ya njia hizo mbili hufichuka. Alikijaribu mwaka wa 1881 huko Potsdam, kwa kuwa mitikisiko ya magari ya farasi ya Berlin ilikuwa ikimvurugia kazi. Alirudia jaribio hilo mwaka wa 1887 mjini Cleveland, akishirikiana na mkemia Edward Morley. Safari hii kifaa kiliwekwa juu ya jiwe lililoelea kwenye zebaki. Michirizi haikusogea kama walivyotarajia.

Michelson alivunjika moyo. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa ameugua maradhi ya akili yaliyotokana na uchovu, na ndoa yake ya kwanza ingekuja kuvunjika mwaka wa 1898. Wengine ndio waliokuja kutambua kwamba kutosogea kwa michirizi hiyo kulikuwa ugunduzi mkubwa, kwani etha haikuwepo. Nadharia ya Albert Einstein ya mwaka wa 1905 haikuihitaji kamwe.

Kutoka Maabara hadi Angani

Kifaa kilichoshindwa kuiona etha kilikuwa na kazi nyingine. Mfaransa Hippolyte Fizeau alikuwa amedokeza mwaka wa 1868 kwamba michirizi ya mwanga ingeweza kufichua upana wa nyota. Mwenzake, Édouard Stephan, alijaribu huko Marseille kwa kuifunika darubini na kuacha matundu mawili tu, lakini nyota zilikuwa ndogo mno kwa darubini yake. Mwaka wa 1890 Michelson aliiweka njia hiyo katika misingi kamili ya hisabati, na mwaka uliofuata akaitumia kupima upana wa miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii.

Hoja yenyewe ni hii. Vioo viwili vilivyotengana huupokea mwanga wa nyota moja na kuukutanisha. Iwapo nyota ni nukta halisi, michirizi itabaki hata vioo vikitenganishwa vipi. Lakini iwapo ina upana, michirizi ya ukingo mmoja itajaza nafasi za giza za ukingo wa pili, na vioo vinapofikia umbali fulani, michirizi yote itatoweka. Umbali huo ndio unaoeleza upana wa nyota. Kidole kimoja hakivunji chawa. Vioo viwili vidogo vilivyotengana hufichua kisichoonwa na kioo kimoja kikubwa.

Pamoja na hayo, ilipita miaka 30 kabla nyota yoyote kupimwa kwa njia hiyo. Michelson alihamia Chuo Kikuu cha Chicago mwaka wa 1892, akatumia mawimbi ya mwanga kuupima urefu wa mita, na mwaka wa 1907 akawa Mmarekani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel katika sayansi. Fursa ilikuja alipoalikwa na George Ellery Hale katika kituo cha Mount Wilson, California, penye darubini yenye kioo cha upana wa mita 2.5. Juu yake iliwekwa boriti ya chuma ya takriban mita 6 iliyobeba vioo vidogo.

Usiku wa tarehe 13 Desemba 1920, Francis Pease na John Anderson walikielekeza kifaa hicho kwenye Betelgeuse, nyota nyekundu yenye jina la asili ya Kiarabu. Vioo vilipotengana kwa takriban mita 3, michirizi ilitoweka. Upana uliopatikana ulikuwa sekunde 0.047 za pembe, sawa na sarafu ya shilingi inayotazamwa kutoka umbali wa kilomita 100 hivi. Kwa makadirio ya umbali yaliyokuwepo, kipenyo cha nyota hiyo kilikuwa kilomita milioni 386. Leo inajulikana kwamba iko mbali zaidi, hivyo ni kubwa zaidi: ingewekwa mahali pa Jua, ingeimeza njia ya Mirihi.

Mwisho na Urithi

Michelson, aliyependa pia kupiga fidla na kuchora, hakuacha kupima. Januari 1931 alikutana na Einstein huko Pasadena, naye Einstein akamshukuru hadharani kwa kazi yake. Tarehe 9 Mei mwaka huo alifariki, akiwa katikati ya jaribio jingine la kasi ya mwanga.

Pease naye alijenga kifaa cha mita 15, lakini chuma na hewa vilimshinda, na taaluma hiyo ikazorota kwa miongo kadhaa. Iliamka mwaka wa 1974, Antoine Labeyrie alipounganisha mwanga wa darubini mbili zilizotengana huko Ufaransa. Leo wanaastronomia hutumia pia miale ya infraredi, ambayo mawimbi yake marefu husumbuliwa kidogo zaidi na hewa. Mlimani Mount Wilson kwenyewe zimesimama darubini sita zinazoweza kutengana hadi mita 330, na mwaka wa 2007 zilitoa picha ya uso wa nyota Altair, iliyoonekana kubonyea kama yai kwa sababu ya kuzunguka kwa kasi. Nukta ya wahenga imepata umbo, na chanzo chake ni mpimaji aliyeendelea kupima hata pale vipimo vilipomnyima alichokitafuta.