Apolo Kivebulaya: mtu aliyezikwa kichwa kikielekea msituni



Mgeni akiingia katika kanisa letu siku ya Mungu, mara nyingi tunamuuliza mambo mawili kabla ya kumpa kiti: anatoka wapi, na ni wa jumuiya gani. Kuuliza si vibaya, maana tunataka kumjua. Lakini mara nyingine jibu lake ndilo linaloamua atakaa benchi gani, na kama juma lijalo atarudi. Tangu vita vilipoleta katika miji yetu watu wa vijiji vingi, sisi wachungaji tunaliona jambo hili kila wakati. Kwa hiyo tumechagua kuwaletea maisha ya mtu ambaye wengi wetu tunalijua jina lake, lakini ni wachache wanaojua njia aliyopita. Ni Kanoni Apolo Kivebulaya, aliyefariki Boga, katika Ituri, tarehe 30 Mei 1933.

Alizaliwa Buganda karibu na mwaka wa 1864. Alikuwa pacha, na wazazi wake walimwita Waswa, jina ambalo Waganda humpa mtoto wa kiume anayetangulia kuzaliwa kati ya mapacha. Katika ujana wake, dini huko Buganda ilikuwa imegeuka kuwa chama. Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti, kila kundi lilikuwa na wakubwa wake, ardhi yake na bunduki zake. Mwaka wa 1892 Wakristo wa pande mbili walipigana wao kwa wao Mengo, kwenye makao ya mfalme. Waswa alikuwa mtoto wa wakati huo. Kwanza alishikamana na Waislamu, kisha akaenda upande wa Waprotestanti, na alitembea na majeshi hadi Toro. Aliijua vizuri dini ambayo mtu anaitambua kwa kuangalia nani amesimama nyuma yake na silaha.

Mwaka wa 1895 alibatizwa, akachukua jina la Apolo, yule mhubiri wa kitabu cha Matendo ambaye Akila na Prisila walimfundisha njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Upesi alitumwa Toro kama mwalimu wa kanisa. Jina la Kivebulaya alipewa na watu, nalo maana yake ni kitu kilichotoka Ulaya, kwa sababu juu ya kanzu yake nyeupe alipenda kuvaa koti jekundu. Tuseme ukweli: hata mjumbe mwema hufika na nguo za kwao. Watu waliona koti kwanza, na neno alilolibeba walilisikia baadaye.

Ng'ambo ya mto Semliki, kwenye vilima vya magharibi, kulikuwa na Boga, nchi ya chifu Tabaro. Walimu wawili wa kwanza kutoka Buganda walikuwa wametumwa huko, lakini njaa iliwashinda, kwa kuwa chifu alizuia watu wasiwape chakula. Wakarudi. Mwisho wa mwaka wa 1896 Apolo alikubali kwenda mahali ambapo wenzake walikuwa wameondoka. Alichukua jembe, akalima chakula chake mwenyewe, akafundisha watu kusoma. Hapa tunaona jambo la kwanza la kuweka moyoni. Mtu aliyekuwa amezoea kuona dini ikitembea na bunduki alivuka Semliki na jembe na kitabu.

Hakuwa mtu laini. Alikataa pombe, ndoa za wake wengi na hirizi, na kwa hayo chifu alimchukia. Nyumba ya kuabudia ilichomwa, naye akapigwa. Kisha ikaja siku mbaya kuliko zote. Watu walikuwa wakikata majani ya kujenga kanisa, na mkuki ulikuwa umeachwa ndani ya majani marefu. Mwanamke wa nyumba ya chifu aliuangukia, akafa. Apolo alishitakiwa kwamba ameua. Alifungwa, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Katika siku zile za mateso, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, Kristo alimtokea waziwazi akimtia moyo na kumtuma aendelee kuhubiri. Alipoachiliwa, angeweza kubaki Toro kwa heshima. Alirudi Boga, kwa watu walewale waliomshitaki. Tabaro aliyemtesa mwishowe aliomba mafundisho, akabatizwa.

Apolo alifanywa shemasi mwaka wa 1900, na kasisi mwaka wa 1903. Kwa miaka mingi wakubwa wa kanisa walimweka Toro. Wakati huo Waingereza na Wabelgiji walikuwa wakipanga mipaka yao, na Boga ikahesabiwa kuwa ya Kongo ya Wabelgiji. Kondoo wake sasa walikuwa katika nchi nyingine. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia alivuka tena Semliki kuwafuata, na hapo ndipo alipokaa hata kufa. Hakuoa, mchumba wake alikuwa amefariki kabla ya ndoa. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, lakini cheo hicho hakikumtoa Boga.

Alikuwa amekaribia miaka sitini alipogeuza uso wake kuelekea msitu. Tangu mwaka wa 1921 na kuendelea aliwafuata Wambuti. Sisi wa mashariki tunajua jinsi wenye mashamba walivyowaona Wambuti: watu wa kuleta nyama na kufanya kazi, si watu wa kuketi nao. Kanisa la Boga lilikuwa limepata heshima kwa chifu, na lingeweza kuridhika nayo. Apolo alitoka akawatafuta kwenye kambi zao, akawafundisha, na kabla ya kufa kwake aliona Wambuti wa kwanza wakibatizwa. Walibatizwa kwa maji yaleyale yaliyombatiza chifu Tabaro.

Alipojua kwamba mwisho wake uko karibu, aliomba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, ingawa desturi ilikuwa kukielekeza mashariki. Alitaka hata kaburi lake likumbushe kanisa kwamba kazi iko mbele.

Tungependa kuishia hapo, lakini historia haikuishia hapo. Kwa miaka mingi baada ya kifo chake, kanisa alilolianzisha lilibaki zaidi Boga na vijiji vya kandokando. Liliomba kwa Kinyoro na kuimba kwa Kinyoro. Lugha hiyo ilikuwa mlango mzuri kwa watu wa Boga, kwa kuwa walisikia Injili kwa maneno ya nyumbani. Lakini kwa jirani asiyeielewa, mlango uleule ulikuwa ukuta. Kanisa lilienea mbali wakati watu wa Boga walipohamia miji mingine, na wakati watu wa makabila mengine walipoingia, na Kiswahili kikapewa nafasi katika ibada. Mwaka wa 1972 dayosisi ya Boga ilianzishwa, na mwaka wa 1992 Waanglikana wa nchi yetu wakawa jimbo linalojitegemea.

Hatuandiki haya ili kuwasema Waanglikana. Jumuiya zetu nyingi zimepita njia hiyohiyo. Misioni za zamani ziligawana maeneo, kila moja ikipewa upande wake, na ndiyo sababu hata leo ukitaja jumuiya fulani mtu anafikiri kabila fulani. Tangu 1970 tumekuwa kanisa moja lenye jumuiya nyingi, na leo tunaitwa Kanisa la Kristo katika Kongo. Jina ni moja, lakini mabenchi bado yanajua kabila la mtu.

Tuungame kosa letu wenyewe. Katika parokia moja tuliyoitumikia, familia zilizokimbia vita zilifika zikiwa na mabunda kichwani. Washirika walifanya vema: walileta unga, maharagi na nguo, na wamama waligawa sabuni. Lakini miaka miwili ilipita, na katika wazee wa kanisa hapakuwa hata mmoja wa wageni wale. Hakuna aliyeitwa kusoma Neno, wala wimbo wao haukuimbwa katika korali. Siku moja tuliona mabenchi ya nyuma ni matupu. Walikuwa wameanza kuomba peke yao chini ya mti, karibu na kambi. Tuliwapa chakula, hatukuwapa nafasi. Ilitubidi twende chini ya mti ule kuomba msamaha.

Leo jambo hili linagusa Boga yenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Mei 2021, Boga na Tchabi zilishambuliwa, watu wengi wakauawa, na maelfu wakakimbia. Wajukuu wa wale waliofundishwa na Apolo wamekuwa wageni katika makanisa ya wengine. Waliopokea Injili kutoka kwa mgeni sasa wanabisha hodi kama wageni, na Wambuti waliofukuzwa msituni wanabisha pamoja nao.

Tunaomba kila baraza la wazee lichukue saa moja mwezi huu, liandike majina ya wale wanaosoma, wanaoimba, wanaoamua na wanaohesabu sadaka. Kisha liangalie ni watu gani wanaoishi katika mtaa wa kanisa ambao hawamo katika orodha hiyo. Lisitafute sababu kwanza. Lichague watu wawili waende kuwatembelea, wakae nao, wawasikilize, warudi kuleta habari.

Kanisa la Antiokia lilikusanya Wayahudi na Wayunani, na ni huko ambako wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Jina lile lilizaliwa mahali ambapo watu wasiofanana walikula pamoja. Apolo alilielewa hilo kwa miguu yake, akitembea toka Toro hadi Boga na toka Boga hadi msituni.

Bwana atusaidie kujua kichwa cha kanisa letu kimeelekea wapi. Amina.