Rudolf Diesel: Mtu Aliyetaka Moto Bila Cheche

Ukilala Majengo, Pumwani, huhitaji saa ya kukuamsha. Alfajiri, kutoka Digo Road mpaka upande wa Gikomba, utayasikia magari ya dizeli yakipigwa stata: yanakohoa, yanagonga kama nyundo za mafundi wa Kamukunji, kisha yanatulia. Ujanani nilikuwa tanboi wa lori la viazi, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kupasha injini moto. Dereva alinikataza kupiga stata kabla taa ndogo ya hita haijazimika. Kwa nini? Hakunieleza. Jibu nililipata miaka mingi baadaye, niliposoma habari za marehemu Rudolf Diesel, ambaye jina lake twalitaja kila siku penye pampu ya mafuta bila kukumbuka kwamba lilikuwa jina la mtu.

Alizaliwa Paris tarehe 18 Machi, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Vita kati ya Ufaransa na Ujerumani vilipozuka mwaka 1870, jamaa hiyo ililazimika kukimbilia London, na Rudolf, mtoto wa miaka 12, akapelekwa Augsburg kwa ndugu aliyekuwa mwalimu wa hesabu. Baadaye alisomea uhandisi Munich. Huko, katika darasa la Profesa Carl von Linde, bingwa wa mashine za barafu, alijifunza kwamba injini ya mvuke hupoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Jambo hilo halikumtoka kichwani.

Ukijaza upepo tairi la baiskeli, hebu ishike pampu: ina moto. Hewa ikibanwa hupata joto. Diesel alifikiri kwamba ikibanwa vya kutosha ndani ya silinda, itawasha mafuta yenyewe, pasipo plagi wala cheche. Hati ya uvumbuzi alipewa mwaka 1893. Lakini karatasi si chuma. Agosti mwaka huo huo, mashine ya kwanza ililipua kipimo kilichofungwa juu yake. Februari 1894, ya pili ilizunguka yenyewe kwa muda wa dakika moja hivi. Ilimbidi angoje hadi Februari 1897 ndipo profesa mmoja alipoipima na kukuta kwamba inageuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, na hali injini nyingi za mvuke hazikupita 10.

Hapo ndipo nilipomwelewa dereva wangu. Asubuhi za Julai, hapa Nairobi penye kimo cha zaidi ya mita 1,600 na hewa nyepesi, chuma baridi cha silinda hunyonya lile joto la hewa iliyobanwa. Mafuta huchelewa kushika moto, kisha huwaka yote kwa mara moja. Ndiyo sauti ile ya kugonga. Mengine hayaungui, hutoka kwenye ekzosi yakiwa moshi mweupe. Hita huongeza joto linalopungua. Nayo oili nzito yataka nafasi ya kufika kila mahali.

Lakini wako jirani zangu wanaoacha gari likinguruma nusu saa nzima chini ya dirisha wanakolala watoto. Hilo si la Diesel. Dakika moja au mbili zatosha, kisha uende polepole mpaka injini ipate joto njiani. Mwaka 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walithibitisha kwamba moshi wa dizeli huleta saratani.

Turudi kwa bwana huyu. Baada ya 1897 matajiri walimiminika. Adolphus Busch, mwenye kiwanda cha bia Marekani, alinunua haki za kuitengeneza huko kwa mark milioni moja. Kwa maoni yangu, injini iliuzwa ingali mbichi. Nyingi za mwanzo ziliharibika mikononi mwa walionunua, na lawama zikamrudia yeye. Mwaka 1898 aliugua kwa uchovu wa akili. Fedha nazo alizitia katika biashara zilizomtupa. Katika maonyesho ya Paris ya 1900, injini yake moja iliendeshwa kwa mafuta ya njugu, kwa kuwa serikali ya Ufaransa ilizifikiria njugu za makoloni yake ya Afrika. Watazamaji wengi hawakugundua tofauti.

Jioni ya tarehe 29 Septemba, 1913, alipanda meli Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Akala chakula cha usiku, akaomba aamshwe asubuhi. Walipokwenda kumwamsha, kitanda hakikuwa kimelaliwa. Siku kadhaa baadaye mashua ya Kiholanzi iliokota maiti baharini. Mabaharia wakachukua vitu vya mifukoni, ambavyo mwanawe Eugen alivitambua, na mwili wakaurudisha majini. Alikuwa na miaka 55. Aliacha mke, watoto watatu na madeni makubwa. Wengi husema alijitupa. Wengine mpaka leo hudai aliuawa.

Yule dereva wangu, sasa mzee wa msikitini, nilimsimulia haya yote barazani kwake. Aliuliza jambo moja tu: je, meli hiyo ilikuwa ya dizeli? Nikamwambia, la, Mzee, ilikuwa ya mvuke.