Karani Aliyeandika Kabla ya Kucha

Ndugu msomaji, huenda umewahi kutamani kuandika hadithi, lakini ukaona kwamba kazi za shamba na za nyumbani hazikuachii nafasi. Basi soma habari za Anthony Trollope. Mtu huyu alikuwa karani wa posta, na aliandika riwaya 47.

Trollope alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1815. Baba yake alikuwa mwanasheria. Kazi hiyo ilimshinda, akajaribu kulima, akapata hasara. Mwaka 1834 alikimbilia Ubelgiji kwa sababu ya madeni. Huko aliugua, na mwanawe Henry pia akaugua kifua kikuu. Mama yao, Frances, ndiye aliyewalisha wote kwa kuandika vitabu. Aliandika alfajiri, kisha akawauguza wagonjwa wake. Wote wawili walikufa, lakini mama hakuiweka kalamu chini.

Mwaka huo wa 1834 Anthony aliajiriwa posta, London. Alikuwa na miaka 19. Alichelewa kazini mara kwa mara, na madeni yalimwandama. Mwaka 1841 alikwenda kufanya kazi Ireland. Huko alibadilika, akawa mfanyakazi hodari. Ndiko alikoanza kuandika.

Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1847. Watu hawakuinunua. Mbili zilizofuata nazo hazikununuliwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1855 ilitoka riwaya yake ya nne, na hiyo ndiyo iliyoanza kumpatia sifa.

Je, alipata wapi nafasi? Aliifuata njia ya mama yake. Saa 11.30 alfajiri alikuwa tayari mezani. Alimlipa mtumishi wake mzee paundi 5 zaidi kila mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa. Kwanza alisoma aliyoandika jana. Kisha aliweka saa mbele yake na kuandika maneno 250 kila robo saa. Baada ya saa tatu alikwenda kazini. Alipokuwa safarini aliandika ndani ya gari la moshi kwa penseli, karatasi ikiwa magotini. Mkewe aliyanakili maandishi hayo vizuri.

Tena alikuwa na daftari la hesabu. Kila siku aliandika humo idadi ya kurasa alizomaliza. Akiwa mvivu, daftari lilimsuta.

Trollope aliacha kazi ya posta mwaka 1867, akafa mwaka 1882. Mwaka uliofuata kitabu cha maisha yake kilitoka. Baadhi ya watu walimdharau, wakaona kwamba hadithi haiandikwi kwa kutazama saa. Lakini vitabu vyake vinasomwa hata leo.

Ndugu msomaji, haba na haba hujaza kibaba. Habari hii ina maneno yapatayo 350. Trollope angeyaandika kabla ya nusu saa kwisha. Wewe usishindane naye. Chagua saa yako, kabla ya kwenda shamba au baada ya chakula cha jioni. Andika mistari mitano tu ya hadithi yako, kesho mitano tena. Weka hesabu yake katika daftari lako. Ukiiacha kalamu, hata herufi ulizojifunza kwa taabu zitakutoroka. Ukiishika kila siku, utamaliza hadithi, na wanao wataisoma.