Tabibu aliyefichua hatari ya masizi

PERCIVALL Pott alizaliwa jijini London mwaka wa 1714, akafiwa na babake angali mdogo. Alisomea upasuaji na kuhudumu kwa miaka mingi katika hospitali ya St Bartholomew's.

Mnamo 1775 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wasafishaji wa dohani. Saratani ya ngozi ya korodani iliyowaua, ambayo madaktari waliidhania kuwa maradhi ya zinaa, ilisababishwa na masizi yaliyoganda mwilini. Wengi waliianza kazi hiyo utotoni, wakisukumwa uchi ndani ya dohani nyembamba zenye joto.

Kinga haikuwa ghali: maji, sabuni na nguo za kujistiri. Nchini Denmark, chama cha wasafishaji kiliwahimiza wanachama kuoga kila siku kuanzia 1778.

Kwao Pott mambo yalikuwa mengine. Sheria ya 1788 iliyokataza kuajiriwa kwa watoto wa chini ya miaka minane ilipuuzwa, naye akafariki Desemba mwaka huo huo. Ajabu ni kwamba Bunge la Uingereza lilisubiri hadi 1875, miaka 100 baada ya uchunguzi wake, kupitisha sheria iliyowatoa watoto dohanini, polisi wakikabidhiwa leseni za kazi hiyo.