Luigi Broglio: Mzee aliyerusha setilaiti kutoka Malindi

Story za kuhamia Mars zikianza pale base, kuna msee mmoja huuliza: kwani mwezi tumemalizana nao? Kama ni wewe, basi Luigi Broglio ni mtu wako.

Alizaliwa 1911 huko Mestre, karibu na Venice, Italia. Alikuwa mhandisi, jenerali wa jeshi la angani na profesa wa chuo kikuu Roma. Miaka ya sitini, Marekani na Muungano wa Sovieti wakipigania mwezi, yeye hakuruka ngazi. Roketi ya kubeba setilaiti hakuwa nayo, akatumia ya Wamarekani, Scout. Timu yake ikaenda kufunzwa kazi hukohuko, na Desemba 15, 1964 ikarusha San Marco 1 kutoka Wallops Island, Virginia.

Ngazi ya pili ilikuwa kwetu. Kwenye ikweta dunia huzunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, kwa hivyo roketi ikielekea mashariki inapata msukumo wa bure. Broglio akaweka majukwaa baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Aprili 26, 1967, San Marco 2 ikapaa hapo. Kazi yake? Kupima uzito wa hewa ya juu.

Halafu Desemba 12, 1970, Jamhuri Dei, timu hiyo ikarusha setilaiti ya NASA iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutengenezwa kuchunguza eksirei kutoka angani. Data yake ilifanya wanasayansi washuku kwamba Cygnus X-1 ni shimo jeusi.

Setilaiti ya mwisho ilitoka hapo 1988. Broglio alifariki 2001, na kituo cha Malindi kina jina lake.

Kwa hivyo mimi nasema mwezi kwanza. Ukiharibikiwa huko, nyumbani ni siku tatu hivi. Mars ni miezi kama saba, na hakuna fundi njiani.

Lakini cheki hii: Aprili 2023, Taifa-1, setilaiti yetu, ilirushwa kutoka California. Italia ilipandia ngazi iliyokuwa Malindi. Wewe wa Kayole unayesoma fizikia, uliza ni lini sisi pia tutaipanda.