Allison: Daktari wa Gilgil aliyefumbua siri ya damu ya Ziwa Victoria

WAKAZI wa Mfangano, Rusinga na fukwe nyingine za Ziwa Victoria wameishi na malaria tangu enzi za mababu. Aliyefumbua jinsi damu ya baadhi yao inavyowakinga ni Dkt Anthony Allison, ambaye baadaye alileta nafuu kwa waliopandikizwa figo kote duniani.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akakulia katika shamba la wazazi wake karibu na Gilgil. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha udaktari Oxford.

Mnamo 1949, angali mwanafunzi, alijiunga na msafara wa Oxford uliokuja Mlima Kenya, akazunguka nchini akikusanya damu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Katika nyanda za juu, hawakufika hata mmoja kati ya 100.

Hilo lilikuwa fumbo. Mtoto anayerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama huugua selimundu, na enzi hizo wengi walifariki wangali wadogo. Mbona basi jeni hiyo ya mauti haikutoweka?

Allison alitambua kwamba ilitamalaki palepale palipotamalaki malaria. Mwaka 1953 alirejea, akawaambukiza malaria kwa makusudi wanaume 30 Waluo waliojitolea jijini Nairobi, jaribio ambalo leo lingepigwa darubini na kamati za maadili. Kati ya 15 wasio na jeni hiyo, 14 waliambukizwa. Kati ya 15 walioirithi kwa mzazi mmoja, wawili tu. Alipochapisha matokeo mwaka 1954 baadhi ya wataalamu walimtilia shaka, lakini tafiti za baadaye zilimthibitisha.

Baada ya miaka ya utafiti Uingereza, aliongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo jijini Nairobi, kisha akahamia California na mkewe, Dkt Elsie Eugui. Huko walikabili tatizo jingine: mwili kukataa figo ya mtu mwingine.

Msingi wa vipimo vya kulinganisha tishu za mtoaji na mpokeaji ulikuwa umewekwa na Mfaransa Jean Dausset mwaka 1958. Hata hivyo, tishu zikikaribiana, chembe nyeupe bado huweza kuishambulia figo ngeni. Allison alitafakari kuhusu watoto waliozaliwa bila kinga kwa kukosa kimeng'enya kimoja, akaona njia ya kuzuia chembe hizo kuongezeka pasipo kudhuru nyingine sana. Ndipo ikapatikana dawa ya maikofenoleti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995.

Taaluma hizo mbili zilikuwa zimekutana mwaka 1991, watafiti nchini Gambia walipobaini kwamba mojawapo ya alama za tishu zinazopimwa kabla ya upandikizaji huwakinga watoto dhidi ya malaria kali.

Allison alifariki California mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 88.

Kwa familia za ziwani, ugunduzi wake una pande mbili. Jeni inayomkinga mzazi ndiyo inayoweza kumtesa mwana: wazazi wawili wenye nayo wanapopata mtoto, kuna uwezekano wa moja kwa nne kwamba ataugua selimundu. Kipimo cha damu kabla ya kuzaa huwajulisha mapema.